Barua ya Mama Yako Niliyoifuta

Ijuganyondo, Alhamisi alasiri

Alinda binti yangu,

Umekwenda Kashozi kumuaga bibi yako, na nadhani nina saa mbili au tatu kabla hujarudi. Nimefunga duka mapema. Kuhusu safari sina la kukuongezea. Maji ya kunywa, watu wa kuwakwepa stendi, namna ya kuishi na wenzako bwenini, hayo umeshaambiwa na watu wengi kuliko unavyohitaji. Ninachotaka kukuambia hakuna mwingine anayeweza kukuambia, kwa sababu kwa zaidi ya miaka kumi nimekijua mimi peke yangu.

Mwezi uliopita, ulipokuwa unaorodhesha watu wa kuwaaga, nilikuuliza kama utampigia simu mama yako mdogo Domitila kule Muleba. Hukuinua hata macho. Ulisema, "Aliyemwacha mama kitandani akaenda zake, mimi simuagi." Ukaendelea kuandika. Nilitoka nikasimama kibanjani, katikati ya migomba, nikajifanya naangalia mkungu ulioanza kuiva. Maneno yale hukuyatunga wewe. Umeyasikia kwa bibi, kwa majirani, kwa wanajumuiya, tangu ukiwa na miaka saba. Nami niliyekuwa najua kwamba si kweli nimeyaacha yakue pamoja nawe.

Wiki aliyofariki mama yako ilikuwa likizo, nawe ulikuwa Kashozi kwa bibi. Hapa nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama yako Renatha, na mdogo wake Domitila, aliyekuwa anaishi nasi akisubiri nafasi ya chuo cha ushonaji. Jumapili Renatha alianza kulalamika tumbo. Tulidhani ni chakula. Akanywa vidonge vya duka la dawa, akalala. Jumatatu asubuhi nikaondoka kwenda Buganguzi, ambako shule moja ya sekondari ilikuwa imepata kompyuta za msaada na mimi ndiye niliyeitwa kuzifunga. Nilimwambia nitarudi Jumatano.

Jumanne Domitila alipigiwa simu kwamba nafasi yake ya chuo imepatikana Muleba, na asiporipoti siku hiyohiyo atapewa mtu mwingine. Hakutaka kwenda. Hilo nililijua baadaye, nitakueleza nililijuaje. Dada yake ndiye aliyemsukuma mlangoni na begi lake, akamwambia kwamba shemeji yake anarudi kesho, atakuwa peke yake usiku mmoja tu.

Jumatano sikurudi.

Kazi ilikuwa imebaki kidogo, kwa kweli ya nusu siku tu, na mwalimu mwingine wa pale angeweza kuimalizia. Lakini Ijumaa walikuwa wanakuja wageni kuzindua kile chumba, na mkuu wa shule alikuwa ameniomba nibaki ili nitambulishwe. Pale shuleni walikuwa wananiita Injinia. Mimi niliyejifunza ufundi kwa kufungua redio mbovu nyuma ya soko la Bukoba, sikuwa nimewahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Walimu walikuwa wananipisha kiti. Mwanangu, nimejaribu miaka mingi kutafuta sababu nzuri zaidi ya hiyo, na sijaipata.

Renatha alinipigia Jumatano mchana, akasema maumivu yamehamia upande wa kulia na hawezi kusimama sawasawa, nirudi. Nikamwambia asubiri kidogo. Alhamisi akanipigia tena. Sauti yake ilikuwa ndogo na alikuwa anapumzika kati ya maneno. Nikamwambia, "Mama Alinda, vumilia. Jumamosi si mbali." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Hakubishana. Alisema tu, "Haya," akakata.

Ijumaa jioni jirani yetu Mama Swaumu alipita kuomba moto akamkuta amejikunja. Akamwita mumewe, wakampakia kwenye gari lao wakampeleka hospitali. Walinipigia simu kumi na moja. Simu yangu ilikuwa kwenye chaji ofisini kwa mkuu wa shule, na mimi nilikuwa ukumbini na wageni, nimevaa koti la kuazima. Nilipoichukua ilikuwa imeshaingia giza na hapakuwa na gari la kunitoa Buganguzi. Niliondoka alfajiri. Nilifika hospitali saa nne asubuhi, na Renatha alikuwa amefariki saa kumi na moja alfajiri. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, pengine tangu Alhamisi. Akaniuliza kwa nini alicheleweshwa. Nikasema sikuwepo.

Hapo sikudanganya. Uongo nilianza kuusema msibani.

Nadhani msiba huukumbuki vizuri, ulikuwa unalala mapajani kwa watu. Siku ya pili baada ya maziko wazee walikaa kuuliza ilikuwaje mtu mgonjwa akabaki peke yake nyumbani siku tatu. Bibi yako alimgeukia bintiye Domitila. Hakumpigia kelele. Alimuuliza tu, mbele ya ukoo wote, kile chuo cha cherehani kilikuwa na uzito gani kuliko dada yake. Domitila alikuwa na miaka kumi na tisa, umri wako wa leo. Akasema, "Dada mwenyewe ndiye aliyeniambia niende." Watu wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyezungumza na marehemu. Mzee mmoja akaniuliza kama Renatha aliwahi kunipigia kusema yuko katika hali gani.

Nilisema, "Alinipigia Jumatano, akasema anaendelea vizuri na mdogo wake yupo naye."

Sikujua kwamba nitasema hivyo mpaka niliposikia sauti yangu. Nilitaka tu swali liondoke kwangu, nalo likaondoka, likaenda kukaa kwa Domitila na halijatoka hadi leo. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anajiuliza kama kweli dada yake alisema hivyo. Jioni ile akachukua begi lake akarudi Muleba, na katika Krismasi zote zilizofuata hakuna aliyemtumia mtu kumwita.

Sasa nikuambie kuhusu laptopu.

Nilikuwa nimemuunganishia mama yako laptopu moja kutoka mashine mbili mbovu za wateja. Betri yake ilikuwa imechoka, haikuvuka nusu saa bila umeme. Alikuwa anaandalia maswali ya mitihani ya shule yake na kusikilizia nyimbo za kwaya. Baada ya msiba Mama Swaumu, aliyekuwa ameitunza kwake, aliniletea, akanieleza kwamba ilikuwa wazi kitandani, karibu na mto. Umeme ulikuwa umekatika alasiri ile. Alipokuwa anamvisha Renatha viatu ili wamtoe, kwaya ilikuwa inaimba, halafu skrini ikawa nyeusi na wimbo ukanyamaza. Alidhani ameigonga na kiwiko. Akaomba radhi.

Nilimwambia hakuiharibu. Nilijua kilichotokea, na kwa kuwa nilijua, niliiweka juu ya kabati na sikuigusa kwa miezi mitatu.

Hujawahi kupenda kompyuta, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyowaeleza wateja. Mashine hizi zina usingizi wa aina mbili. Wa kwanza ni mwepesi. Skrini inazimika, lakini umeme kidogo unaendelea kupita ili kumbukumbu ya muda, ile tunayoiita RAM, isipotee. Humo ndimo vinamokaa vyote ulivyovifungua: barua ambayo hujaihifadhi, wimbo uliofika katikati. Umeme ukiisha kabisa, vinafutika. Usingizi wa pili ni mzito. Mfumo endeshi ukiona betri inakaribia kwisha, unasimamisha kila programu pale ilipofikia, hata kama ni katikati ya neno. Unakusanya yaliyomo kwenye RAM, unayabana yapungue ukubwa, unayaandika kwenye faili moja kubwa ndani ya diski, unaweka alama kwamba hapa pana kitu kimelala, kisha unazima kila kitu. Diski haihitaji umeme ili kutunza. Unaweza kuiacha hivyo mwaka mzima. Siku utakapobonyeza kitufe, mfumo unaiona ile alama, na badala ya kuanza upya unasoma faili lote na kulirudisha kwenye RAM, kila kitu mahali pake. Programu zinaendelea na kazi. Zenyewe hazijui kwamba zilisimama. Na mara tu mashine inapoamka, ile alama inafutwa. Haiwezi kuamka mara mbili kutoka usingizi uleule.

Kwa hiyo nilijua kwamba juu ya kabati langu ipo Ijumaa ile, dakika ileile aliyokuwa anavishwa viatu, na kwamba nikiifungua nitaifungua mara moja tu.

Niliifungua Jumamosi moja mchana, wewe ukiwa bado kwa bibi. Nilichomeka chaja nikabonyeza. Kwanza iliimba. Kwaya ilianza katikati ya neno, nusu ya silabi, kama mtu aliyezibwa mdomo kisha akaachiwa. Nilishtuka nikasimama. Halafu skrini ikawaka. Saa ya pembeni ilionyesha Ijumaa, saa kumi na moja kasoro jioni. Ikakaa hivyo labda sekunde tano. Katika sekunde hizo tano, mwanangu, mama yako alikuwa bado hai, na mimi nilikuwa na muda wa kutosha wa kufika. Kisha ikaruka miezi mitatu.

Katikati ya skrini palikuwa na barua. Alikuwa ameiandika kwenye ile programu nyepesi ya maandishi, isiyojihifadhia chochote yenyewe, na hakuwa ameipa hata jina. Kistari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzima kando ya jina lako, maana alikuwa amerudi mwanzo kuisoma tena. Nilisoma kilichokuwa juu. Nakumbuka kila neno:

"Alinda mwanangu, leo tumbo linaniuma sana kwa hiyo nakuandikia wewe badala ya kutunga maswali. Mama yako mdogo ameondoka Jumanne. Hakutaka kwenda, alilia, nimemlazimisha mimi, nikamwambia baba anarudi kesho. Baba hakurudi. Nimempigia jana, nimempigia na leo, anasema nisubiri hadi Jumamosi. Ukiwa mkubwa mtu akikuambia"

Hapo nikaacha kusoma. Upau wa pembeni ulikuwa mfupi, maana yake barua ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa bado ukurasa wa kwanza. Sikushuka chini. Niliona kila kitu kwa pamoja: bibi yako akisomewa haya, wazee wakikumbuka nilichowaambia, wewe ukijua kusoma. Mkono ulikwenda kwenye kile kialama cha kufunga. Mashine ikaniuliza, kama inavyouliza siku zote, nihifadhi au nisihifadhi.

Nilibonyeza usihifadhi.

Barua ikaondoka. Kwaya iliendelea kuimba. Sikujua namna ya kuizima, mimi fundi, nikachomoa chaja na kushikilia kitufe mpaka ikafa kabisa. Kisha nikaifungua kwa bisibisi nikatoa diski, kama mtu anayefukia kitu, nikaifunga kwenye soksi nikaiweka chini ya vipuri dukani. Nilijiambia nimefanya hivyo kwa ajili yako, ili usikue ukimchukia baba ambaye ndiye mzazi pekee uliyebaki naye. Nimeisema sentensi hiyo kichwani mara nyingi sana. Nilitaka kuokoa jina langu, basi.

Sitaki udhani kwamba baadaye nilisahau. Uliniuliza wakati fulani kwa nini kila kompyuta inayopita dukani kwangu naizuia isiingie kwenye usingizi mzito, hata kama mteja hakuomba. Nilikufokea, nikakuambia shika madaftari yako. Nilikuwa naogopa kuamsha mashine ya mtu na kukuta imemshika katikati ya jambo. Mpaka leo kwaya ikianza kanisani, ule mwanzo sahihi, mstari mzima kutoka mwanzo, mimi nasikia nusu ya silabi. Wewe umenizoea nikitoka nje wakati wa nyimbo. Ulidhani ni kifua.

Mwaka wa kipaimara chako Domitila alikuja. Hukujua. Wewe ulikuwa ndani unasukwa nywele na binamu zako. Alipanda gari kutoka Muleba akiwa na gauni alilokushonea mwenyewe, jeupe, limekunjwa kwenye mfuko wa karatasi, na doti moja ya khanga. Nilimpokea mlangoni. Nikamwambia kwamba mama yake yumo ndani na sitaki siku ya mtoto iharibike. Alinipa mfuko akaniuliza tu umefikia urefu gani, kwa sababu gauni alilishona kwa kukisia. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa kifuani. Akasema basi litakutosha. Akaondoka. Gauni ulilivaa, nami nilikuambia limenunuliwa mjini. Nililinda mlango ule kama askari, na kitu chenyewe nilichokuwa nalinda kilikuwa ni maneno machache niliyoyasema kwa wazee nikiwa sijalala siku tatu.

Miaka michache iliyopita nilikaa na fundi mmoja kutoka nje ya mkoa aliyekuja kurejesha mafaili ya ofisi fulani. Katika mazungumzo alisema jambo ambalo nilipaswa kulijua. Mashine ikiamka kutoka usingizi mzito, inachofuta ni ile alama tu ya mwanzo wa faili. Yaliyoandikwa yenyewe yanabaki pale kwenye diski, mpaka siku mashine itakapolala tena na kuandika mengine juu yake. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mashine ya Renatha haikulala tena. Nilikuwa nimeitoa diski siku ileile.

Unaweza kudhani nilikimbia dukani kuichukua. Sikwenda. Nilikaa na jambo hilo miaka minne. Kujua kwamba barua haipo kulikuwa kunanitesa, lakini kujua kwamba huenda ipo kulinitesa zaidi, na bado sikunyoosha mkono. Niliunyoosha siku uliposema humuagi Domitila.

Nilifanya nakala ya diski nzima kwanza, nikaweka ya asili kando, maana diski ya zamani hivyo inaweza kufia mkononi. Nililifungua lile faili kwenye nakala. Halisomeki kama kitabu. Ni vipande vidogovidogo, vimebanwa, havifuatani, na kila herufi imetenganishwa na nyingine kwa nafasi tupu, kiasi kwamba jina lako lilikuwa limetawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Kazi ilinichukua wiki mbili za jioni. Nilikuwa nakuambia ni kazi ya ofisi. Mara nyingi nilipata takataka tu: majina ya nyimbo, maswali ya hesabu ya darasa la nne. Swali moja lilikuwa la Juma aliyekuwa na machungwa manane. Nililia kwa ajili ya Juma, mwanangu, kwa sababu aliyemwandika ni mama yako.

Nilipata vipande vinne vya barua. Nimevichapa na vimo humu kwenye bahasha, vilivyo hivyo, bila kusahihisha. Cha kwanza ni kile nilichokisoma siku ile. Cha pili anasema usikubali bibi akunyoe nywele zote kabla shule haijafunguliwa, na kwamba kiatu chako cha kushoto kinabana, amekiona. Cha tatu kinasema, "Domi ana moyo mwepesi, akisemwa hulia badala ya kujitetea, kwa hiyo wewe ndiye utakayemtetea, usimwa" na hapo kimekatika. Cha nne kinasema, "Baba yako ni mtu mwema lakini anapenda sana". Kinaishia hapo. Kilichofuata kwenye diski ni cha programu nyingine kabisa. Nimetafuta mahali pote. Nimeijaza nafasi ile kwa maneno mengi mno, na hakuna hata moja aliloliandika yeye.

Ile sentensi ya "Ukiwa mkubwa mtu akikuambia" sikuupata mwisho wake. Ningekuwa nimeshuka chini siku ile kwa kidole kimoja, ningekuwa nayo.

Wiki iliyopita nilikuambia nakwenda Muleba kutengeneza printa. Nilikwenda kwa Domitila. Ana chumba cha kushonea karibu na stendi, na anafundisha wasichana wawili. Aliposikia hodi yangu alinikaribisha, "Nyegera," kabla hajainua uso. Aliponiona akasimamisha cherehani, lakini alinipa kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa, tangu zile simu za Buganguzi hadi kitufe nilichobonyeza. Aliwaambia wasichana watoke nje, akaomba karatasi azisome mwenyewe. Alisoma cha tatu, akakiweka juu ya cherehani, akakilainisha kwa kiganja kama kitambaa.

Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unajua tangu lini?"

Nikamwambia miezi mitatu baada ya maziko.

"Basi ulikuwa unajua siku niliyoleta gauni."

Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepima kitu na kukuta kipimo kilikuwa sahihi. Nilimwomba msamaha. Akasema yeye kwa miaka yote alifikiri labda kweli dada yake alisema hivyo kwenye simu, kwamba labda alificha kuwa amebaki peke yake ili kumlinda yeye, na hilo ndilo lililokuwa linamwamsha usiku. Akasema nitoke, ana nguo za harusi za kumaliza. Nilitoka.

Jumapili nilikwenda Kashozi, nikamweleza bibi yako baada ya misa. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama mpaka nilipomaliza kumsomea. Ndipo akasema, "Nimemzika mmoja na mwingine nimemfukuza kwa mdomo wangu. Na wewe siku zote hizo ulikuwa unakula kwangu." Nilipoinuka akaniambia kwa Kihaya kwamba hatanisaidia kumwambia mtoto, nimwambie mwenyewe. Kama leo umemkuta kimya kuliko kawaida yake, ndiyo sababu.

Nilijaribu Jumatatu ulipokuwa unapiga pasi. Nilisimama mlangoni, ukaniuliza nataka nini, nikasema nataka maji.

Sina mahubiri, mwanangu. Unakwenda kusoma uuguzi, na utawaona wengi kuliko mimi. Watakuja watu walioanza kuumwa Jumapili na kuletwa Ijumaa. Usiwaulize kwa ukali kwa nini wamechelewa. Wengine waliambiwa wasubiri na mtu waliyemwamini. Na wewe mwenyewe siku moja watakuita kwa jina zuri, Sista au jina jingine kubwa, na utalipenda, nakujua, una damu yangu. Siku hiyo simu ikiita kutoka nyumbani, ipokee.

Kuhusu mimi, sikuombi chochote kwa sasa. Ukitaka kunikasirikia, fanya hivyo kwa muda unaouhitaji, nami nitaendelea kukupigia kila Jumapili. Usipopokea nitajua umeusikia mlio wangu.

Jambo la mwisho. Jana mchana simu iliita dukani. Ilikuwa namba ya Domitila. Hakunisalimu. Aliuliza, "Basi lake linapita Muleba saa ngapi?" Nikamwambia linaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo Muleba ni kama saa moja na nusu, na linasimama dakika kumi za kupakia watu. Akauliza utakaa upande gani. Nikatazama tiketi yako, nikamwambia kushoto, dirishani. Akakata.

Barua hii nitaiweka mkononi mwako kesho mlangoni mwa basi, nitakuomba uisome njiani kabla ya kufika Muleba. Mimi nitabaki stendi ya Bukoba. Kutoka hapo hadi Muleba ni mwendo wa kukutosha kuisoma mara mbili. Hutamjua kwa sura, lakini ana paji la uso la mama yako na husimama kama yeye, uzito wote mguu mmoja. Atakuwa anatafuta dirisha lako. Kama utashuka au hutashuka, hilo ni lako, na sitakuuliza. Ila dirisha, Alinda, lifungue.

Baba yako